Uyoga wa njozi haupimwi kwa majina ya wauzaji

Mwaka 1962 mkemia Mswisi, Albert Hofmann, alifunga safari hadi milima ya Oaxaca, kusini mwa Mexico, kwenda kumwona mganga mmoja wa kike wa jamii ya Wamazateki, María Sabina wa Huautla de Jiménez. Alikuwa amebeba vidonge vya silosibini vilivyotengenezwa na kampuni yake, Sandoz ya mjini Basel. Kemikali hiyo aliitenga yeye mwenyewe mwaka 1958 kutoka kwenye uyoga uliotoka milima hiyohiyo. Sasa alitaka kusikia kauli ya mtu aliyeujua uyoga huo tangu utotoni: je, kilichomo kwenye kidonge ndicho kilekile kilichomo kwenye uyoga?

Mkesha ulianza usiku, kama desturi inavyotaka. Vidonge vikamezwa, watu wakangoja. Nusu saa ikapita, hakuna kilichotokea. Uyoga hutafunwa polepole, na nguvu yake huanza kuingia mwilini tangu kinywani. Kidonge sharti kwanza kiyeyuke tumboni. Wenyeji wakaanza kuingiwa na shaka. Hofmann, kwa maelezo aliyoyaandika baadaye katika kumbukumbu zake, akagawa vidonge vya nyongeza, na haukupita muda nguvu ikawashukia. Nyimbo na dua zikaendelea mpaka karibu na alfajiri. Wakati wa kuagana María Sabina akatoa hukumu yake: vidonge vina nguvu ileile ya uyoga, tofauti haipo. Akashukuru pia, kwa kuwa sasa angeweza kuwahudumia wagonjwa hata katika miezi ambayo uyoga hauoti.

Hakuna aliyekuwa na haki ya kutoa kauli hiyo kumpita yeye, na hata hivyo ubishi haukuisha. Leo uyoga wa njozi huuzwa kwa majina kama Golden Teacher, B+, Mazatapec na Penis Envy, na kila jina limepewa sifa zake: huu unachekesha, ule unaonyesha rangi, huu mpole unawafaa wanaoanza, ule unampeleka mtu asikokutarajia. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ukiziweka tafiti za miaka 60 kando ya maneno ya wauzaji, unaona kwamba tofauti zipo, nyingine kubwa mno, lakini haziko pale zinapotangazwa. Na kutojua ziliko kumekwisha kugharimu maisha ya watu.

Tuanze na kinachofanana. Zaidi ya spishi 100 za uyoga zinajulikana kuwa na silosibini. Nyingi ziko katika jenasi ya Psilocybe, nyingine zimetawanyika katika jenasi kama Panaeolus, Gymnopilus, Pluteus na Inocybe. Mtu akiula, mwili huiondolea silosibini sehemu yake ya fosfati, ikabaki silosini, na hiyo silosini ndiyo inayofika kwenye ubongo na kujishikiza katika vipokezi vya serotonini, hasa vile wanasayansi wanavyoviita 5-HT2A. Mwaka 1998 kundi la Franz Vollenweider mjini Zurich lilionyesha kwamba mtu akitangulia kupewa ketanserini, dawa inayoziba vipokezi hivyo, njozi hazitokei. Kwa hiyo, uwe umeota kwenye malisho ya Wales au kwenye kinyesi cha ng'ombe kule Cambodia, uyoga huo unafanya kazi kwa njia ileile. Mboni za macho hupanuka, rangi hukolea, wakati hupoteza mwendo wake wa kawaida, moyo hujaa furaha au hofu, na baada ya saa nne hadi sita mtu hurudi katika hali yake.

Kinachobadilika sana ni kiasi. Psilocybe cubensis, ambao hulimwa kuliko aina nyingine yoyote, kwa kawaida huwa na silosibini isiyozidi asilimia 1 ya uzito wake ukiwa mkavu, na mara nyingi chini ya hapo. Psilocybe semilanceata, uyoga mdogo wa malisho ya Ulaya wenye kofia iliyochongoka, huzunguka kwenye asilimia 1. Psilocybe azurescens ni habari nyingine. Huu huota kwenye matuta ya mchanga karibu na mahali mto Columbia unapoingia baharini, katika jimbo la Oregon, Marekani, na Paul Stamets na Jochen Gartz walipoupima katika miaka ya 1990 waliukuta na silosibini hadi asilimia 1.78, mbali na silosini na kemikali nyingine ndogondogo. Watu wawili wakila uzito sawa, mmoja wa huu na mwingine wa ule, mmoja wao anaweza kuwa amepata mara mbili au mara tatu ya mwenzake bila kujua. Atakaposimulia kwamba uyoga wake ulikuwa na tabia tofauti, atakuwa anasema kweli kuhusu alichokiona, ila sababu yake ni kipimo. Dozi ndogo huchekesha na kupamba rangi. Dozi kubwa humfanya mtu asijue yeye mwenyewe anaanzia wapi na kuishia wapi. Masimulizi mengi ya uyoga mpole na uyoga mkali huishia hapo.

Wamazateki waliyajua hayo bila mizani ya maabara. Uyoga wa Huautla una majina ya Kihispania yanayofuata mahali unapoota au umbo lake. Uko derrumbe, yaani maporomoko, unaoota kwenye udongo uliomomonyoka, ambao wanasayansi wanauita Psilocybe caerulescens. Wako pajaritos, videge, ambao ni Psilocybe mexicana, wadogo na wembamba. Na uko San Isidro, wenye jina la mtakatifu wa wakulima, ambao ndio Psilocybe cubensis. Usiku wa tarehe 29 Juni 1955, mwanabenki wa New York, R. Gordon Wasson, na mpigapicha Allan Richardson walipokaribishwa kwenye mkesha wa María Sabina, uyoga uligawiwa kwa jozi: wageni jozi sita kila mmoja, mganga jozi 13. Ule wa videge, kwa kuwa ni mdogo, huliwa mwingi zaidi. Hofmann alipojijaribia mwenyewe Basel alikula 32 mkavu, na wote kwa pamoja haukuzidi gramu 2.4. Kwa waganga wa Huautla hiyo ilikuwa dozi ya wastani.

San Isidro ndio ulioishika dunia, na historia yake inastahili kutazamwa. Uliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1906, pale Franklin Sumner Earle alipoueleza kwa mara ya kwanza kutoka Cuba. Huota kwenye kinyesi cha ng'ombe, na ng'ombe hawakuwapo Amerika kabla Wahispania hawajawapeleka. Wanasayansi wengi kwa sababu hiyo wanaamini kwamba uyoga huu ni mgeni kule, ulifuata mifugo. Kusini mwa Afrika, nchini Zimbabwe na Afrika Kusini, wachunguzi wametambua ndugu yake wa karibu sana wa porini, Psilocybe ochraceocentrata. Uyoga ambao wengi wanaudhania kuwa wa Mexico huenda asili yake ni ya Dunia ya Kale, na Afrika ni moja ya mahali pa kuitafuta.

Ulipata kuenea kwa sababu ni rahisi kuulima. Mwaka 1976 ndugu wawili Wamarekani, Terence na Dennis McKenna, walitoa kwa majina ya bandia kitabu cha kufundisha kuuotesha ndani ya nyumba. Toka hapo mbegu zake, ambazo kwa hakika ni vumbi la spora, zikaanza kusafiri kwa bahasha. Kila aliyepata uyoga wenye kofia nene kidogo, au mweupe kuliko mwingine, aliupa jina na kuuza. Ndivyo yalivyozaliwa majina yale tuliyoyataja, yote ya spishi moja tu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walilinganisha jeni za uyoga 86 wa kibiashara wa Psilocybe cubensis na jeni za uyoga 38 ulioota wenyewe katika malisho ya Australia. Waligundua kwamba ule wa kibiashara umezalishwa ndani kwa ndani kiasi kwamba utofauti wa jeni umebaki mdogo sana, hata kuliko ule wa porini Australia, ambao nao ulitokana na mbegu chache zilizoingia pamoja na mifugo. Majina ni mengi. Damu ni ileile. Wakulima wazoefu wa uyoga huo huko Marekani wana msemo wao kwamba cubensis ni cubensis tu, na utafiti ule umekaa upande wao.

Hata hivyo uyoga wa spishi moja, tena wa shamba moja, hautoki sawa. Jeremy Bigwood na Michael Beug walilithibitisha jambo hili mapema, mwaka 1982. Walilima Psilocybe cubensis katika mazingira waliyoyadhibiti kwa ukali, wakapima kila mavuno. Kiasi cha silosibini kilitofautiana hadi mara nne kati ya uyoga na uyoga. Ule uliotoka nje ya maabara yao ulitofautiana hadi mara kumi. Silosini haikuonekana katika mavuno ya kwanza, ikaja kuongezeka katika mavuno yaliyofuata. Gartz naye, Mjerumani tuliyekwisha kumtaja, aliongeza triptamini kwenye chakula cha uyoga huo na kuvuna uyoga wenye silosini ya zaidi ya asilimia 3, kiwango kisichopatikana kabisa katika hali ya kawaida. Jina lilikuwa lilelile; kilichobadilika ni chakula cha uyoga wenyewe.

Tena kuna suala la kuhifadhi. Uyoga huu ukiminywa au kukatwa hugeuka buluu. Kundi la Dirk Hoffmeister mjini Jena, Ujerumani, limeeleza kinachotokea: uyoga ukijeruhiwa, kimeng'enya huibadili silosibini kuwa silosini, kingine kikaiunganisha silosini katika minyororo yenye rangi ya buluu. Wengi huiona buluu hiyo kama alama ya ukali. Kwa kweli ni silosini inayoteketea mbele ya macho yao. Uyoga uliokaa rafuni kwa miezi, hasa uliosagwa ukawa unga, unaweza kuwa umepoteza sehemu kubwa ya ulichokuwa nacho siku ya kuchumwa, na pakiti haitabadilisha maandishi yake kwa ajili hiyo.

Je, basi hakuna chochote zaidi ya silosibini? Hapa napendelea kwenda taratibu, maana wenye shauku na wenye dharau wote wana haraka. Uyoga una vitu vingine. Una beosistini, iliyo jirani sana na silosibini kimaumbile, ambayo utafiti wa mwaka 2020 haukuiona ikiwatikisa panya vichwa, ishara wanayoitumia watafiti kutambua kemikali za njozi. Kundi la Hoffmeister limekuta pia kiasi kidogo cha kemikali za jamii ya harmini, ambazo kwa kawaida hupunguza kasi ya mwili kuvunja vitu kama silosini. Na mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya Hadassah, Jerusalem, waliwapa panya silosibini ya maabara na wengine dondoo la uyoga lenye kiasi kilekile cha silosibini. Kutikisa vichwa kulikuwa sawa. Ila katika ubongo, protini zinazohusika na maungano ya neva ziliongezeka kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi kwa wale waliopata dondoo la uyoga. Ni panya, si binadamu. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutoufunga mjadala.

Kuna mfano ambao kwangu ni mzito zaidi. Inocybe aeruginascens, uyoga uliokusanywa kimakosa na watu waliotafuta chakula katika eneo la Potsdam, Ujerumani, una kemikali iitwayo eruginasini. Gartz alifuatilia watu 23 walioula bila kukusudia, akaandika kwamba karibu wote walipatwa na furaha, hofu haikutajwa. Watu 23 ni wachache, na hakuna aliyepima kila mmoja alikula kiasi gani. Hata hivyo hapo ndipo mahali pamoja ambapo dai la uyoga wenye tabia yake yenyewe lina kitu cha kushika mkononi.

Na kuna tofauti isiyohitaji nadharia. Aina zinazoota kwenye miti iliyooza na vipande vya mbao, kama azurescens, Psilocybe cyanescens na Psilocybe subaeruginosa ya Australia, mara nyingine huacha watu wamelegea viungo. Mtu husimama akaanguka, mkono hukataa kushika kikombe, na kwa baadhi ulegevu huo huendelea hadi siku ya pili. Huisha wenyewe, lakini ukimkuta mtu karibu na maji au barabarani ni hatari tupu. Cubensis haujulikani kwa tatizo hilo. Chanzo chake bado kinatafutwa. Yeyote anayesema uyoga wote ni mmoja hana budi kulijibu hilo.

Upande wa pili wa mizani yupo anayekula. Tarehe 3 Oktoba 1799 baba mmoja mjini London alichuma uyoga katika bustani ya Green Park, akaupika kwa ajili ya kifungua kinywa cha familia. Daktari Everard Brande aliyeitwa kuwatibu aliandika kisa hicho katika jarida la tiba, na leo tunaamini uyoga ule ulikuwa Psilocybe semilanceata. Baba aliona madoa meusi na rangi zikimulika, akatoka kwenda kutafuta msaada, na hakufika mbali akasahau anakwenda wapi na kwa nini. Wengine walilalamika tumbo na baridi ya mikono na miguu, wakaogopa kufa. Mtoto wa miaka minane, Edward, aliyekula sehemu kubwa kuliko wenzake, alishikwa na kicheko. Wazazi wakamtisha anyamaze, akazidi kucheka, mboni zikiwa zimetanuka. Sufuria ni moja, uyoga ni mmoja, asubuhi ni moja.

Hofmann mwenyewe hakuepuka hilo. Nusu saa baada ya kula ule uyoga 32 alianza kuona kila kitu kwa sura ya Mexico, macho yakiwa wazi au yamefumbwa. Daktari aliyekuwa akimsimamia alipoinama kumpima shinikizo la damu, Hofmann alimwona amegeuka kuhani wa Kiazteki. Alijua uyoga umetoka wapi, na akili ikaifuata njia hiyo. Mwaka huohuo wa vidonge, tarehe 20 Aprili 1962, Ijumaa Kuu, Walter Pahnke aliwapa silosibini nusu ya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa la Marsh Chapel, Boston; wengi wa walioipata walieleza kwamba wamekutana na utukufu wa Mungu. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, waliwaweka wanafunzi 33 katika chumba kilichopambwa kwa taa na muziki, wakawapa vidonge visivyo na dawa yoyote wakiwaambia ni vya njozi. Asilimia 61 walisema wamehisi kitu.

Msomaji wa pwani aliyewahi kuona ngoma ya pepo ataelewa upesi: ubani, nyimbo, ndugu waliokaa mduara, na mganga anayejua lini anyamaze, vyote ni sehemu ya tiba. Huautla mkesha ulikuwa hivyohivyo, na ulifanywa kwa sababu kuna mgonjwa. Makala ya Wasson katika jarida la Life la tarehe 13 Mei 1957 yaliwaleta wageni kwa mamia, wengi wao wazima wa afya, wakitafuta njozi. María Sabina alimwambia mwandishi Álvaro Estrada, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1977, kwamba tangu wageni walipofika uyoga umepungukiwa na nguvu. Ni mwanamke yuleyule aliyesema kidonge na uyoga havina tofauti. Mimi sioni kwamba anajipinga. Kidonge cha Hofmann kilimezwa katika mkesha wake, kwa utaratibu wake. Uyoga wa wageni wale uliliwa bila mgonjwa, bila dua.

Tiba ya kisasa imechagua kupima kwa miligramu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika New England Journal of Medicine, wenye wagonjwa 233 wa sonona isiyosikia dawa, haukutumia uyoga kabisa. Ulilinganisha miligramu 25, 10 na 1 za silosibini ya maabara, na miligramu 25 ikafanya vizuri kuliko 1 baada ya wiki tatu, ingawa madhara yalijitokeza, yakiwamo mawazo ya kujiua kwa baadhi. Kila mgonjwa alikuwa na msimamizi pembeni yake. Wenye historia ya skizofrenia kwa kawaida hawaingizwi kwenye majaribio ya namna hii, kwa sababu za wazi. Jimbo la Oregon, lililoruhusu huduma ya silosibini kwa kura ya mwaka 2020, limeruhusu spishi moja tu, Psilocybe cubensis, na kila shehena hupimwa maabara kabla ya kumfikia mtu. Nauona kuwa uamuzi wa busara. Kwa kuchagua cubensis wameepuka ulegevu wa viungo, na kwa kupima wameepuka ubashiri wa majina.

Bara letu halimo pembeni katika habari hii. Mwaka 2024 watafiti walitangaza katika jarida la Mycologia spishi mbili mpya za kusini mwa Afrika, Psilocybe ingeli na Psilocybe maluti. Huo wa pili, unaoota katika malisho ya Lesotho na maeneo jirani, waganga wa Kisotho wanaujua kwa jina la koae-ea-lekhoaba. Kofia yake haifunguki kama ya uyoga wa kawaida. Huloanishwa katika maji ya uvuguvugu pamoja na mmea mwingine wenye nguvu, mgonjwa akanywa, kisha akakalishwa mbele ya kioo au maji yanayoakisi na kueleza anachokiona, mganga akatafsiri. Mganga wa Kisotho amewekwa miongoni mwa waandishi wa utafiti huo, jambo ambalo María Sabina hakulipata.

Afrika Mashariki tumeandika machache. David Pegler wa bustani ya Kew alieleza mwaka 1977, katika kazi yake kuhusu uyoga wa ukanda huu, spishi kutoka Kenya ambayo leo inaitwa Psilocybe aquamarina. Panaeolus africanus wa bara hili huota kwenye kinyesi cha tembo na kiboko. Kuhusu uyoga wa kula tuna hazina: kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi cha mwaka 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania kimejaa maarifa ya akina mama wanaouchuma na kuuza kando ya barabara msimu wa mvua. Akina mama hao hawachumi kwa sura peke yake. Wanatazama udongo, mti ulio karibu, harufu, rangi ya chini ya kofia, na wanajua upi unaofanana na upi. Vyuo vikuu vyetu vingefanya vyema kuwauliza pia kuhusu uyoga wasiouchuma.

Kisheria mambo yako wazi. Silosibini na silosini zimo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Anayekuuzia mtaani anavunja sheria, na kwa kuwa anavunja sheria hakuna anayempima.

Lakini sheria siyo inayonitia hofu zaidi. Karibu kabisa na Psilocybe cyanescens, kwenye gogo lilelile, huweza kuota Galerina marginata, mdogo, wa kahawia, unaofanana nao. Una amatoksini, sumu ileile ya Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko wote duniani. Kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Nchini Marekani vijana wamekwisha kufa kwa kuuchuma wakidhani ni wa njozi. Silosibini huanza kuonekana ndani ya saa moja. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, ndipo mtu aanze kutapika na kuhara sana. Kisha hupata nafuu ya siku moja hivi, huku ini likiharibika.

Kwa hiyo, uyoga wa porini usioujua, uache ulipo, iwe ni kwa njozi au kwa mboga. Na ikiwa mtu wa nyumbani kwako amekula uyoga, akaanza kutapika saa nyingi baadaye, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Asikuambie kesho yake kwamba amepona ukamwamini. Chukua na mabaki ya uyoga, hata matapishi kama ndiyo yaliyobaki, uyaweke kwenye mfuko wa karatasi, umkabidhi daktari na umwambie uliliwa saa ngapi.